Zinki na Afya ya Mazao Yetu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana. Mtu aweza kulima maisha yake yote asisikie jina lake, na hali kikikosekana shambani jasho la mwaka mzima laweza kupotea bure. Kitu hicho ni madini yaitwayo zinki.

Zinki si mgeni katika nyumba zetu. Tazameni bati jipya la nyumba. Ule weupe wake ung'aao ni zinki, iliyopakwa juu ya chuma kusudi kisishikwe na kutu. Basi mtu akiambiwa kwamba mahindi nayo yahitaji zinki huenda akacheka, akauliza, “Je, mmea nao hula bati?” La, mmea hauli bati. Lakini katika udongo mwema zimo chembe za zinki, ndogo hata macho hayazioni, nazo huyeyuka katika maji ya udongo, zikanywewa na mizizi. Chembe hizo ndizo tunazozisema.

Kwanza tukumbuke njia kuu ya zamani iliyopita katika nchi yetu. Ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kisha ikashika Uvinza hata Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wazungu wale Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 walikuta mji wa biashara umekwisha kusimama, na Wanyamwezi wakijulikana njia nzima kwa uhodari wa kuchukua mizigo. Pagazi aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mwendo wa miezi. Pembe zilikwenda pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuja bara.

Na mzigo mmoja katika mizigo ile ulikuwa chumvi ya Uvinza, iliyopikwa kwa maji ya chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi. Watu walisafiri siku nyingi kwenda kuitafuta. Je, katika chungu cha mboga hutiwa chumvi kiasi gani? Ni kidogo tu, kiasi cha kushikwa kwa vidole. Lakini isipokuwamo mboga haina ladha, hata ikiwa imejaa chunguni. Wala hakuna awezaye kuponya upungufu wa chumvi kwa kuongeza maji au kuni. Zinki katika shamba ni mfano wa chumvi ile. Yahitajiwa kidogo sana, lakini hakuna kitu kingine kiwezacho kushika nafasi yake.

Tupime kwa hesabu, wanafunzi nao wafuate. Gunia la mahindi la kilo 100 likitoka shambani huchukua nitrojeni kama kilo moja na nusu, yaani gramu 1,500. Zinki ichukuliwayo na gunia hilo hilo ni gramu 2 hivi. Hizo gramu 2 zikikosekana, zile 1,500 hazina wa kuzitumia. Mtungi uliotoboka ubavuni, hata ukimiminiwa maji ya kisima kizima, maji hayapandi kupita tundu. Vivyo hivyo shamba halizai kupita kile kilichopungua kuliko vyote.

Jambo hili lilivumbuliwaje? Mwaka 1869, wakati misafara ilipokuwa ikipita Unyanyembe kila kiangazi, mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Jules Raulin, alionyesha kwamba hata ukungu mweusi uotao juu ya mkate hausitawi pasipo zinki. Mwaka 1926 huko California, Marekani, bibi mmoja mtaalamu, Anna Sommer, pamoja na mwenzake Lipman, walithibitisha ya kuwa alizeti na shayiri haziwezi kumaliza maisha yao bila zinki. Miaka michache baadaye, katika nchi hiyo hiyo, miti ya matunda iliugua ugonjwa wa majani madogo. Wataalamu walidhani imekosa chuma, wakaipa dawa ya chuma. Miti mingine ikapona, mingine isipone, wakastaajabu. Walipochunguza waliona kwamba ile dawa iliyoponya haikuwa safi, bali ilikuwa na uchafu wa zinki ndani yake. Kumbe kilichoponya miti kilikuwa ule uchafu, wala si chuma chenyewe! Tangu hapo zinki ikahesabiwa katika vyakula vya mimea.

Sasa tueleze kazi yake. Ndani ya mmea mna watenda kazi wadogo wasiohesabika, waitwao vimeng'enya. Hao ndio wageuzao hewa, maji na nguvu ya jua kuwa chakula, na wajengao mwili wa mmea. Wengi katika hao hawawezi kufanya kazi bila chembe ya zinki, kama fundi asivyoweza kuchonga bila tezo. Tena mmea hujitengenezea maji fulani yanayouamuru kurefuka. Wataalamu huyaita auksini. Zinki ikipungua, auksini hupungua, na pingili za shina hukaribiana, mche ukawa mfupi kama uliokanyagwa. Tena chavua ya mahindi hudhoofika, bunzi likatoka na mapengo.

Basi mkulima ataijuaje njaa hii? Twawaomba msikilize sana hapa, maana makosa mengi hutokea hapa.

Katika mahindi, itazame miche yenye majuma mawili au matatu tangu kuota. Usianze na majani ya chini yaliyozeeka. Tazama yale machanga yatokayo katika moyo wa mche. Mche wenye njaa ya zinki huwa na utepe mpana, mweupe au wa manjano hafifu, kila upande wa uti wa jani. Utepe huo huanza karibu na shina, ukaelekea ncha. Uti wenyewe na ukingo wa jani hubaki kijani. Njaa ikizidi, moyo wote wa mche huwa mweupe.

Usiuchanganye na magonjwa mengine. Ikiwa majani ya chini ndiyo yanayokuwa manjano, kuanzia nchani kufuata uti, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Ikiwa majani yana rangi ya zambarau, huenda ni njaa ya fosifeti. Ikiwa una vistari vyembamba vilivyokatika-katika juu ya jani zima, huo ni ugonjwa wa milia, uletwao na wadudu warukao, wala hakuna mbolea iuponyayo. Na ikiwa chini ya mahindi pameota kiduha chenye maua yake mazuri, adui wako ni kiduha, kinyonyacho mizizi.

Mpunga nao una alama zake. Katika majaruba yetu ya mbugani, wiki mbili au tatu baada ya kupandikiza, majani ya chini hupata madoa ya rangi ya kutu, na miche hudumaa kwa vipande-vipande. Huko India watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hata mwaka 1966 mtaalamu Nene alipoonyesha kwamba ni njaa ya zinki tu. Katika michungwa na miti mingine ya matunda, majani huwa madogo na membamba, yakajikusanya kama ua kwenye ncha ya tawi.

Mtu atauliza, “Udongo wetu umekosa nini hata zinki ipungue?” Hatusemi kwamba kila shamba la Tabora lina upungufu, hilo litakuwa uongo. Lakini ziko sababu za kuangalia. Mwaka 1982 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapa kitabu cha mtaalamu Mikko Sillanpää juu ya udongo wa nchi 30, na Tanzania ni moja katika hizo. Katika vyakula vidogo-vidogo vya mimea, zinki ilionekana ni moja ya vile vipunguavyo mara nyingi duniani.

Sababu ya kwanza ni asili ya udongo. Nchi yetu ya juu, penye miombo, ina udongo wa kichanga uliotokana na mawe ya itale, na mchanga hauna uwezo mkubwa wa kushika chakula. Sababu ya pili, zinki hukaa hasa katika udongo wa juu pamoja na majani yaliyooza. Mvua ikiuchukua ule udongo wa juu, zinki huenda nao. Sababu ya tatu, zamani mtu alilima miaka michache, kisha akaliacha shamba likawa msitu tena, mizizi mirefu ya miti ikavuta chakula kutoka chini na kukirudisha juu kwa majani. Siku hizi watu ni wengi na mashamba hayapumziki.

Sababu ya nne huwashangaza wengi. Fosifeti ikitiwa nyingi mwaka baada ya mwaka, nayo zinki haitiwi, mmea huzidi kukosa zinki. Nchi yetu ni nchi ya tumbaku, na mbolea ya tumbaku ina fosifeti nyingi; kisha mahindi hupandwa pale pale. Fosifeti ni njema, lakini ikienda peke yake yaweza kuleta njaa nyingine. Ya tano ni chokaa. Udongo wa kichuguu mara nyingi una chokaa kuliko udongo uliouzunguka, na jivu likirundikwa mahali pamoja hufanya hali kama hiyo. Chokaa ikizidi, zinki hufungwa isinywewe. Na ya sita ni maji. Jaruba likikaa na maji siku nyingi mfululizo, mpunga hushindwa kuipata zinki hata ikiwa imo.

Sasa tutoe mfano, ili mjue hatari iko wapi. Tuseme mkulima mmoja anaona mahindi yake yamekuwa meupe mwezi wa Desemba. Anakopa fedha, ananunua mfuko wa mbolea ya fosifeti, anatia. Mahindi yanazidi kuwa meupe. Anakopa tena. Mwezi wa Mei anavuna magunia matatu mahali pa kumi, na deni linamngoja mlangoni. Shamba la jirani limestawi, basi watu wananong'ona kwamba jirani ana dawa ya kuvuta mavuno ya wenziwe. Pengine jirani huyo ni bibi mzee mjane, ambaye siri yake ni samadi tu ya zizi la ng'ombe. Ndugu zetu, tunajua nyote maneno ya namna hii huishia wapi. Deni hulipika, lakini uhai wa mzee aliyesingiziwa haulipiki. Ndiyo sababu twasema kwamba kuijua alama ya jani si elimu ya wanafunzi tu. Kwaweza kuokoa shamba, na kwaweza kuokoa mtu.

Basi mkulima huyo angefanya nini? Kwanza, angefanya jaribio dogo. Chukua mistari mitatu au minne tu ya mahindi yaliyougua. Pima gramu 75 za salfeti ya zinki, uiyeyushe katika maji. Katika chombo kingine koroga gramu 37 hivi za chokaa iliyozimwa, uichuje kwa kitambaa. Vichanganye, ujaze maji yatimie lita 15, yaani bomba moja la mgongoni. Nyunyizia majani machanga asubuhi mapema au jioni jua likipungua. Usitie mbolea ya fosifeti katika bomba hilo, maana itaifunga zinki. Weka kijiti penye mwanzo na penye mwisho wa mistari hiyo, kisha ungoje siku kumi hata kumi na nne. Ikiwa majani mapya yametoka kijani, na ya mistari ya pili yangali meupe, umepata jibu kwa macho yako mwenyewe, nawe waweza kunyunyizia shamba zima. Ikiwa hakuna tofauti, umetumia fedha kidogo tu, basi tafuta sababu nyingine.

Pili, kwa mwaka unaofuata, chukua udongo ukapimwe. Mwulize Bwana Shamba wako njia ya kuupeleka. Kiko kituo cha utafiti wa kilimo Tumbi, karibu na Tabora mjini, na kituo cha Mlingano, Tanga, ambacho kazi yake kubwa ni udongo. Ukiambiwa kwamba zinki imepungua, kipimo cha kawaida ni kilo 10 za salfeti ya zinki kwa eka, ikiwa ni ile yenye zinki 22 katika 100; ikiwa ni ile kali yenye 35 katika 100, kilo 6 zatosha. Ichanganye na mchanga mkavu ipate kuenea, uifukie wakati wa kupiga matuta. Haihitaji kurudiwa kila mwaka, kwa kuwa hudumu katika udongo misimu kadhaa.

Hapa twatoa onyo. Kitu kidogo kikizidi huwa sumu. Karanga, ambazo Wanyamwezi wanazipenda sana, ni katika mimea isiyovumilia zinki nyingi. Katika udongo mchachu wa kichanga zinki ikizidi, shina la karanga hupasuka na mmea hufa. Basi asitokee mtu akaongeza kipimo kwa kudhani kwamba kingi ni bora. Tena asivunje betri za tochi akazimwaga shambani kwa kuwa amesikia zina zinki. Ndani yake mna vitu vingine vinavyoharibu udongo na maji. Wala bati kuukuu halifai kuwa mbolea.

Urambo tunao ukumbusho wa mambo ya haraka. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine kubwa zililetwa, misitu ikang'olewa, fedha nyingi mno zikatumika. Hata mwaka 1951 mpango ukaachwa, kwa kuwa udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza. Nguvu ilikuwako, lakini kupima kulikosekana. Mkulima wa eka mbili na aisikie habari hiyo.

Tatu, na hili halina gharama kubwa, rudisheni kilichotoka. Wazee wetu walipopasua matuta ya zamani na kufukia majani ndani ya matuta mapya, walikuwa wakirudisha chakula katika udongo, zinki ikiwamo, ingawa hawakulijua jina lake. Msichome mabua yote. Samadi ya ng'ombe ina zinki, tena huwasaidia wadudu na kuvu wema wa udongo wanaoipeleka mizizini. Kingeni mmomonyoko kwa kulima matuta kukata mteremko. Katika majaruba, pale iwezekanapo, toeni maji kwa siku chache ili udongo upate hewa. Na mbegu za kuweka, chagueni katika mahali palipostawi, maana mbegu yenye zinki ya kutosha huota kwa nguvu.

Neno la mwisho ni juu ya watoto wetu. Zinki inayokosekana katika udongo aghalabu hupungua katika nafaka, na ikipungua katika nafaka hupungua katika mwili wa mtoto anayekula ugali na uji peke yake. Mtoto wa namna hiyo hudumaa, na magonjwa humshinda upesi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la UNICEF walishauri kwamba mtoto anayeharisha apewe, pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, miligramu 20 za zinki kila siku kwa siku 10 hata 14. Na aliye chini ya miezi sita apewe nusu yake. Vidonge hivyo hutolewa na mganga wa hospitali au zahanati. Mama asimpe mtoto dawa ya shamba hata kidogo. Hiyo ni ya mimea. Nyumbani mchanganyieni mtoto maharage, karanga, dagaa, maziwa na nyama ipatikanapo. Tena togwa na uji uliochachushwa ni chakula cha hekima, kwa sababu kuchacha hupunguza kile kitu katika nafaka kinachoizuia zinki isiingie mwilini.

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema, “Mdharau mwiba, mguu huota tende.” Katika msafara wa zamani, watu mia tano waliweza kusimama njiani kwa kukosa kitu kimoja tu, ama maji, ama chumvi, ama kirangozi wa kuwaonyesha njia, nguvu za mabega yao hazikuwafaa kitu mpaka kile kimoja kipatikane. Mashamba yetu ni hivyo hivyo. Mvua zitakapoanza mwezi wa Novemba na mahindi yakatoa jani la nne na la tano, twawaomba kila mmoja aingie shambani asubuhi, ainame, ayatazame majani machanga katika moyo wa mche. Akiona utepe mweupe, asikope wala asimnung'unikie jirani kabla hajafanya jaribio la mistari mitatu.